Ofisi ya watu saba Mtwara: NAS ya diski mbili au nne, na umeme huu wa kukatika?

Mpimaji_Ligula:

Wakuu, salaam. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa hifadhi ya mtandao.

Ofisi yetu ni ya upimaji ardhi na ramani, ipo Mtwara mjini. Tuko watu saba, kompyuta nane, na tuna tawi dogo la watu wawili Lindi. Mafaili yote (michoro ya DWG, picha za droni, hati za wateja) yamekaa kwenye kompyuta ya mapokezi, diski moja tu, wengine wanaingia kupitia folda ya pamoja. Jumla ni TB 1.4 na inaongezeka kama GB 40 kila mwezi.

Tunataka kuhamia kwenye NAS (boksi la diski linalokaa kwenye mtandao wa ofisi) ili diski moja ikifa kazi isisimame. Ninachoomba kujua: boksi la diski mbili au nne, na RAID (mpangilio wa diski kadhaa kufanya kazi kama moja) ipi? Umeme ukikatika ghafla tujikinge vipi? Picha moja ya droni inafika GB 4 na kuifungua toka kwenye folda inachukua dakika sita hivi, je hapo tatizo ni diski au mtandao, maana swichi imeandikwa gigabiti? Na la mwisho, diski ikifa tutafanyaje huku kusini, wakati maduka yenye diski za aina hii yako Dar?

---

Rovuma_Data:

Mkuu, anza na hesabu ya ukubwa, RAID ije baadaye. GB 40 kwa mwezi ni GB 480 kwa mwaka. Miaka minne ijayo utakuwa na TB 3.3, ongeza nafasi ya snapshoti (kumbukumbu ya hali ya mafaili kwa wakati fulani) kama asilimia 20, unafika TB 4. Hifadhi haitakiwi kupita asilimia 80, kwa hiyo unahitaji TB 5 za matumizi. Diski mbili za TB 6 kwenye RAID 1, yaani kila faili linaandikwa kwenye zote mbili, zinakutosha. Windows itaonyesha 5.45 badala ya 6, usidhani umeuziwa pungufu: mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024.

RAID 5 naikataa kwa ofisi yako, na sababu ni mazingira yenu. Kwanza, RAID 5 inaandika data pamoja na hesabu ya kufidia katika diski tofauti. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, data na hesabu yake vinaweza kutofautiana bila mtu kujua, na kasoro hiyo inajitokeza siku diski imekufa na hesabu ndiyo inayotegemewa. Pili, diski moja ikifa, zilizobaki zote lazima zisomwe mwanzo hadi mwisho ili kuijenga upya, na hizo ni za umri uleule. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi: kwenye RAID 1 kila diski ina mafaili yote. Boksi lenyewe likiungua, unachomoa diski moja, unaiunganisha kwenye kompyuta yenye Linux kwa adapta ya SATA kwenda USB, na mafaili yanasomeka siku hiyohiyo. Maboksi ya Synology, kwa mfano, ndani yake yanatumia mdadm, programu ya RAID ya kawaida ya Linux, kwa hiyo Ubuntu inayasoma. Ukiwa kilomita zaidi ya 550 kutoka Dar, chagua kitu ambacho fundi wa Mtwara anaweza kukiokoa kwa vifaa alivyonavyo mezani.

Boksi la nafasi nne lina faida kama mnatarajia kuongezeka sana. Vinginevyo pesa hiyo ipeleke kwenye diski ya tatu na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika).

Kuhusu diski, hapa ndipo watu wanaumia. Tafuta za CMR, yaani zinazoandika kila njia ya data pembeni ya nyingine bila kulaliana. Za SMR zinalaza njia moja juu ya nyingine kama makuti ya paa, na ukitaka kubadilisha kitu katikati lazima ziandike upya eneo zima. Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti. Siku ya kujenga upya RAID ndiyo kasi inaanguka vibaya, na boksi linaweza kudhani diski mpya nayo mbovu na kuitoa. Seagate IronWolf ni CMR, WD Red Plus ni CMR. WD Red ya kawaida isiyo na neno Plus, za TB 2 hadi 6 zenye herufi EFAX, ni SMR. Mwaka 2020 jambo hili lilileta malalamiko makubwa na ndipo WD wakaitenga Red Plus. Soma namba kamili ya modeli, usiishie kwenye rangi ya lebo.

Nunua tatu. Kama inawezekana chukua IronWolf moja na Red Plus moja, au angalau zisifuatane namba, kwa sababu diski za kundi moja la kiwandani huweza kuchoka kwa wakati mmoja. Ya tatu usiiache ndani ya boksi ikizunguka: itazeeka kwa joto lilelile na kupigwa na umeme uleule. Ipime, irudishe kwenye mfuko wake wa kuzuia umemetuli, weka kabatini na kifuko cha silika.

Kupima ni kabla ya kuweka data, ukiwa bado unaweza kumrudishia muuzaji. Fanya jaribio refu la SMART (mfumo wa diski wa kujipima yenyewe), kwa TB 6 ni saa 10 hadi 12 hivi. Kisha angalia namba 5, 197 na 198, ambazo ni hesabu za sekta mbovu: zote ziwe sifuri. Namba 199 ikipanda, mara nyingi tatizo ni waya wa SATA, diski haina kosa. Ingiza na namba ya utambulisho ya diski (serial number) kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama waranti ipo na inaishia lini. Mwanzoni mwa 2025 ziligundulika Ulaya diski za Seagate zilizokwishatumika maelfu ya saa zikiuzwa madukani kama mpya, masaa ya SMART yamefutwa. Kwa Seagate, smartmontools toleo la 7.4 na kuendelea linasoma kumbukumbu nyingine iitwayo FARM, ambayo mara nyingi waliofuta masaa ya SMART hawakuigusa:

`smartctl -l farm /dev/sda`

Masaa ya huko yakipishana mno na ya SMART, rudisha.

Siku diski ikifa kweli, fuata mpangilio huu na usiruke. Kwanza kabisa toa nakala ya mafaili mapya ya wiki hiyo kwenda nje, maana sasa uko na diski moja. Pili, soma namba ya utambulisho ya diski mbovu kwenye skrini, zima boksi, ulinganishe na lebo. Kuchomoa diski nzima na kuacha mbovu ni ajali ya kawaida sana, na ndiyo inayogeuza tatizo dogo kuwa msiba. Bandika stika yenye namba nne za mwisho mbele ya kila trei tangu siku ya kwanza. Tatu, weka ya akiba na uanze kujenga upya jioni: TB 6 kwa wastani wa MB 150 kwa sekunde ni saa 11, na watu wakiwa wanafanya kazi inaweza kupita siku nzima. Nne, agiza nyingine ya kujaza kabati. Barabara si ya kutegemea wakati wote. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata njia ya Dar kwenda Lindi pale Somanga, na hakuna kifurushi cha basi kilichopita.

---

waya8:

Mwenzangu kamaliza diski, mimi niseme umeme na nyaya.

Dakika sita kwa GB 4 ni MB 11 kwa sekunde. Hiyo ni kasi kamili ya mtandao wa megabiti 100, kwa hiyo diski yako haina hatia. Swichi ni ya gigabiti lakini kuna kitu katikati kimekubaliana 100. Gigabiti inahitaji nyuzi zote nane. Waya uliobanwa nyuzi nne tu, au wenye uzi mmoja uliokatika, unaishia 100. Angalia taa za swichi, nyingi zina rangi tofauti kwa 100 na 1000, kisha pima kila waya kwa testa ya RJ45. Kuanzia uzi wa kwanza hadi wa nane, kila mmoja lazima uwake. Ukishafika gigabiti kamili, picha hiyo inafunguka kwa sekunde kama 40.

Ukibadilisha waya, nunua Cat5e au Cat6 ya shaba tupu. Zipo rola nyepesi za bei rahisi ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwa mji wa pwani kama wetu hazifai: pale kwenye kontakta alumini inaoza kwa hewa ya chumvi na mawasiliano yanaanza kukatika yenyewe. Kwarua uzi kwa wembe. Ukiona weupe ndani, acha. Na michoro ya DWG isifunguliwe kwa waifai. Mawasiliano yakikatika katikati ya kuhifadhi, faili linaharibika.

UPS: NAS ya diski mbili inakula kama wati 20, swichi 5, ruta 10. Jumla 35. UPS ya VA 650 ina betri ya volti 12, Ah 7, ambayo ni Wh 84 kwa karatasi. Ukitoa hasara za kugeuza, mpya itakupa dakika 40 hadi saa moja. Kwa hiyo ukubwa si tatizo. Sharti ni iwe na tundu la USB la mawasiliano, na UPS nyingi za bei ya chini hazina. Bila hilo NAS haijui kuwa iko kwenye betri, itazimika ghafla betri ikiisha, na umejilinda nusu tu.

Iagize NAS ijizime baada ya dakika 5 za betri, usisubiri asilimia. Betri iliyozeeka inaonyesha asilimia 60 na dakika inayofuata imekufa. Tena betri ndogo inahitaji saa 6 hadi 8 kujaa. Siku ambayo umeme unakatika mara nne, kila mara inaanza na akiba pungufu kuliko iliyopita. Na joto linaila: kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25, maisha ya betri hukatika nusu hivi. Chumba cha nyuzi 33 kinamaanisha kubadilisha betri kila baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, iandikie tarehe kwa maka pen.

Printa ya leza usiichomeke upande wa betri. Ikianza kupasha joto inavuta zaidi ya uwezo wa UPS na yote inazimika.

Kama mna jenereta ndogo, kuna jambo linalowachanganya wengi: umeme wa jenereta upo, taa zinawaka, lakini UPS inaendelea kulia kwenye betri hadi inaisha. Volti na hezi za jenereta zinayumba, UPS inaukataa. Punguza hisia ya UPS iwe ya chini kabisa kwenye mipangilio, au tumia jenereta ya inveta.

Ethi nayo. Ukigusa boksi la chuma na kuhisi mtekenyo kidogo, ethi haipo au imekatika. Mwite fundi umeme apime kabla ya mvua za Desemba kuanza, si baada. Radi hupita hata kwenye waya wa neti unaotoka kwenye antena ya intaneti juu ya paa. Weka kizuia radi cha RJ45 kilichofungwa kwenye ethi pale waya unapoingia ndani. Kizuia hicho kisipofungwa ethi hakifanyi kazi yoyote.

Boksi lisikae dirishani wala chini ya AC inayodondosha maji. Diski zibaki chini ya nyuzi 45. Funga matundu ya nyuma yasiyotumika, mijusi na sisimizi wanapenda joto la pawa saplai na wanaliunguza boksi kwa kuunganisha sakiti.

---

Mpimaji_Ligula:

Asanteni sana wakuu. waya8, nimeangalia swichi, waya wa mapokezi unawaka rangi ya 100 kweli. Swali la nyongeza: tuna kompyuta ya i5 yenye RAM GB 8 imekaa tu, na diski mbili mpya za Barracuda TB 4, modeli ST4000DM004. Je, tunaweza kuanzia hapo badala ya kununua boksi? Halafu mashine yetu ya fotokopi inaskani moja kwa moja kwenye folda, isije ikagoma.

---

Kusini_Linux:

Kompyuta inafaa. Diski hizo hapana, si kwa RAID: ST4000DM004 ni SMR. Lakini usiziuze, ni nzuri kwa nakala za nje.

Kuna tofauti nyingine ya diski za mezani. Zikikutana na sekta mbovu zinaweza kuhangaika nayo zaidi ya dakika, wakati Linux inasubiri sekunde 30 tu kisha inaikata. RAID inaona diski imekufa kumbe sekta moja. Diski za NAS zinakata tamaa baada ya sekunde 7 na kuiachia RAID isome upande wa pili. Hakikisha kwa:

`smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda`

Ikikubali, weka amri hiyo ijiendeshe kila mashine inapowaka, kwa sababu diski nyingi zinaisahau zikizimwa.

Weka Debian (aina ya Linux), au OpenMediaVault kama hupendi mistari ya amri. Mfumo ukae kwenye SSD ndogo peke yake, RAID iwe ya data tu. Tengeneza patisheni fupi kwa MB 200 kuliko diski, ili siku ya kuweka diski ya kampuni nyingine yenye sekta pungufu isikatae kuingia. Tumia majina ya `/dev/disk/by-id/`, maana sda na sdb hubadilishana ukihamisha waya:

`mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/disk/by-id/ata-DISKI1-part1 /dev/disk/by-id/ata-DISKI2-part1`

Baada ya hapo andika mpangilio kwenye `/etc/mdadm/mdadm.conf` na uendeshe `update-initramfs -u`. Ukisahau, mashine ikiwaka tena RAID inaweza kuamka ikiitwa md127 na folda inakuwa tupu, watu wanapiga kelele data imepotea wakati ipo. Kwenye fstab (faili linaloorodhesha diski za kufunguliwa mashine inapowaka) tumia UUID, yaani namba ya utambulisho ya hifadhi, na uongeze `nofail`. Bila hiyo, RAID isipoamka mashine inagoma kuwaka ikisubiri mtu mbele ya skrini ambayo haipo.

Kisha barua pepe ya tahadhari. RAID 1 iliyopoteza diski inaendelea kufanya kazi kimya, na kimya hicho ndicho hatari. Weka anwani yako kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, halafu jaribu:

`mdadm --monitor --scan --test --oneshot`

Barua isipofika kwenye simu yako, kazi haijaisha. Siku hiyohiyo, kabla ya kuhamishia data, iangushe diski moja makusudi kwa `--fail`, itoe kwa `--remove`, irudishe kwa `--add`, na uangalie `/proc/mdstat` inavyojenga. Anayefanya zoezi hili kwa mara ya kwanza siku ya ajali huwa anakosea.

Kumbuka kompyuta hiyo itakula wati 50 hadi 60, kwa hiyo dakika za UPS zinapungua karibu nusu.

Fotokopi: nyingi za zamani zinajua SMB1 tu, njia ya kizamani ya kufikia folda za pamoja. Usiiwashe SMB1 kwa ajili yake, ndiyo mlango ambao kirusi WannaCry kilipita Mei 2017. Fungua FTP kwa mtumiaji mmoja mwenye folda moja ya skani, asiyeona kitu kingine, ndani ya ofisi tu.

---

Nakala_Pembeni:

Yote yaliyosemwa juu ni sahihi na bado mafaili yako hayako salama. Mtu akifuta folda ya mradi, RAID inaifuta kwenye diski zote mbili sekunde ileile. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia, wizi, moto: hakuna hata kimoja RAID inachokizuia.

Cha kwanza na cha bure ni snapshoti, kama mfumo wa mafaili wa hifadhi yako ni Btrfs au ZFS. Kila saa moja wakati wa kazi zikae siku mbili, za kila siku zikae wiki mbili, za kila wiki zikae miezi mitatu. Kirusi kilichoingia kwenye kompyuta ya mchoraji kinaweza kuharibu folda ya pamoja lakini hakizigusi, mradi huyo mchoraji hana nywila ya msimamizi. Sharti hilo ni zito: akaunti ya kusimamia NAS isiwe ile ya kazi za kila siku.

Cha pili ni zile Barracuda mbili. Ziweke kwenye makasha ya USB, zifunge kwa nywila (usimbaji) kwa programu ya LUKS au VeraCrypt, kwa sababu mna hati na viwanja vya watu na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Ijumaa moja inachomekwa A, nakala inachukuliwa, inachomolewa, inakwenda Lindi na gari la ofisi; Ijumaa inayofuata B. Iliyochomolewa ndiyo inayohesabika. Diski ya USB inayoachwa imechomeka muda wote itapigwa na radi ileile na kirusi kilekile. Neno la kufungulia liandikwe kwenye karatasi mbili, moja ofisini na moja kwa mkurugenzi. TB 4 zitakutosha miaka minne hivi, halafu utabadilisha.

Kupandisha klaudi kunawezekana, ila piga hesabu. TB 1.4 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 ni siku 26 mfululizo usiku na mchana. GB 40 za mwezi ni saa 18 tu, hizo zinapita usiku bila taabu. Kwa hiyo kama tawi la Lindi litapata mashine ya kupokea, jaza nakala ya kwanza hapo Mtwara kwa waya, ibebe hadi Lindi, halafu mabadiliko tu ndiyo yapite mtandaoni. Lakini usifanye klaudi kuwa nakala pekee. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ilizorota nchi nzima.

Kuunganisha Lindi tumia WireGuard, ambayo ni VPN, yaani njia iliyofungwa kupitia intaneti. Usifungue poti za NAS kwenye ruta hata kwa muda mfupi. Januari 2022 kirusi Deadbolt kilifunga maelfu ya NAS za QNAP, na kilizifikia zile zilizokuwa wazi mtandaoni.

Kila mwezi chukua faili tatu bila kuchagua, moja ya mwaka jana, rudisha kutoka kwenye diski ya nje hadi kompyuta nyingine, zifungue kwenye programu yake. Kuona jina la faili haitoshi, DWG iliyonakiliwa wakati mtu anaihifadhi inaonekana ipo lakini haifunguki. Ndiyo maana nakala iendeshwe saa mbili usiku, tena kutoka kwenye snapshoti. Mafaili ya programu ya uhasibu nayo yasinakiliwe yakiwa wazi. Iache programu itoe nakala yake yenyewe, na hiyo ndiyo iende NAS.

---

Mpimaji_Ligula:

Nimeelewa. Tunaagiza boksi la nafasi mbili na diski tatu za CMR, waya zinabadilishwa wiki hii. Kuhamisha TB 1.4 toka mapokezi nitumie nini? Kuburuta kwa kipanya kuligoma katikati.

---

Rovuma_Data:

Kuburuta kunagoma kwenye faili la kwanza lenye njia ndefu au lililofunguliwa. Tumia robocopy, ipo tayari kwenye Windows:

`robocopy D:\Kazi \\NAS\Kazi /E /COPY:DAT /DCOPY:T /R:1 /W:1 /LOG:C:\hamisha.txt`

Usiweke /MIR. Ukikosea upande, inafuta.

Ianze Ijumaa jioni. Kwa gigabiti ni saa nne hadi sita, kulingana na wingi wa mafaili madogo. Jumamosi iendeshe tena amri ileile, itachukua yaliyobaki na yaliyobadilika tu, halafu angalia safu ya FAILED mwishoni mwa hamisha.txt, iwe sifuri. Linganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili. Jumatatu asubuhi folda ya zamani iwe ya kusoma tu, badilisha njia kwenye kompyuta zote nane, na hiyo diski ya mapokezi usiifute mpaka Barracuda zote mbili zimeshakwenda Lindi na kurudi.